UZI: Maji ya buluu ya kuoshea shaba msiyamwage shimoni, humo mna shaba yenu na humo mna visima vyetu

mwana_wa_njumu:
Assalaam alaykum wakuu. Uzi mrefu kidogo nivumilieni, nimeuweka kichwani muda sasa na leo umeme upo nauandika wote.

Mie fundi njumu, hizi za shaba za kwenye milango yetu. Kazi ya mzee wangu, na yeye kaipata kwa mzee wake, karakana ipo huku Ng'ambo, mjini Unguja. Kwa asiyejua inavyokwenda: tunanunua shaba njano chakavu, makoki mabovu, vali, vipande vya bomba, tunayeyusha tunamimina kwenye kalibu, njumu ikitoka imevaa ukoko mweusi wa moto. Ukoko ule ukisema uutoe kwa msasa utakesha, kwa hiyo tunazitumbukiza kwenye ndoo ya asidi ya salfyuriki iliyopunguzwa, moja ya asidi kwa tisa za maji (asidi ndo inatiwa kwenye maji, usigeuze hata siku moja), nusu saa hivi ukoko wote umetoka, unasuuza unapeleka kwenye brashi.

Lakini ukoko haukupotea, umehamia majini. Ndoo siku ya kwanza nyeupe kama maji ya kisima, wiki ya pili ina ubuluu kidogo, mwezi wa pili buluu imekolea na asidi imechoka haili tena. Hapo miaka yote tunafanya nini, tunamwaga shimoni nyuma ya karakana. Babu kamwaga, mzee kamwaga, mie nimemwaga tangu nina miaka 14. Hakuna aliyetwambia kitu na hakuna aliyeuliza, na kisima cha mtaa kipo nyumba ya nne kutoka kwetu.

Kilichonizindua ni njumu 60 za oda zilizoharibika. Kijana wetu alikosa koleo la shaba akatumia la chuma, akaliacha ndani ya ndoo akaenda kuswali. Aliporudi njumu zote nyekundu, si njano tena, nyekundu kama senti mpya. Mzee kaja kaangalia kasema tu "ndoo imeingia chuma" na kwake yakaisha, maana mafundi wa zamani wote wanajua chuma hakiingii kwenye asidi ya shaba. Ila mie nikabaki nauliza ule wekundu umetoka wapi. Koleo halina shaba. Basi shaba ilikuwa kwenye maji.

Usiku nikatia misumari kama kumi kwenye chupa ya maji yale. Asubuhi misumari imevaa kitu cha hudhurungi nyekundu, laini, ukikigusa kinabanduka kama machicha, na maji yameacha ubuluu yamekuwa kijani hafifu. Nikakisuuza kile kitu nikakikausha, nikatia chunguni na boraksi (unga wa kusafishia shaba inapoyeyuka) nikapiga moto, ikatoka tonge ndogo ya shaba nyekundu. Wallahi nilikaa naiangalia.

Nikamtafuta jamaa yangu anayesomesha kemia akanieleza. Chuma kina hamu ya kuingia majini kuliko shaba, kwa hiyo chuma kinayeyuka na shaba inafukuzwa inarudi kuwa shaba kavu. Kwa hesabu kila gramu 56 za chuma zinatoa gramu 63 na nusu za shaba, yaani unatia taka ya chuma unatoa mali zaidi ya ulichotia. Kivitendo chuma kinaliwa zaidi ya hapo kwa sababu asidi iliyobaki nayo inakila bure, ndo yale mapovu unayoyaona. Mapovu yale ni gesi ya haidrojeni inashika moto, msivute sigara hapo wala msifunike pipa.

Sasa nafanya hivi. Pipa la plastiki la lita 100, si la bati. Natia mabati chakavu yasiyo na rangi na vipande vya nondo ndani ya kikapu cha plastiki, nakoroga kila nikipita, siku mbili. Nikitaka kujua shaba imekwisha nasugua msumari mpya kwa msasa ung'ae, nautia robo saa, ukitoka mwekundu bado, ukitoka mweupe imekwisha kwa jicho. Namimina taratibu, unga wa shaba unabaki chini. Maji yanayobaki yana chuma na zinki (shaba njano ina zinki ndani yake na zinki haitoki kwa chuma) na bado ni makali. Hapo inaingia chokaa, chokaa yetu hii ya tanuu, imezimwa, nimeikoroga na maji mpaka imekuwa kama tui zito, naitia kidogo kidogo huku napima kwa karatasi za pH (kipimo cha ukali wa maji: chini ya 7 ni asidi, 7 ni katikati, juu ya 7 ni upande wa chokaa na magadi). Maji yanageuka yanakuwa tope, tope linatuama, juu maji meupe.

Nataka kusikia wanaofanya kazi za asidi hapa Unguja na Pemba, masonara, wa betri, wa kromu, mnamwaga wapi? Na wanaojua kemia wanisahihishe nilipokosea, maana nimekosea pengi na moja limeniachia alama mkononi ntalisema chini.

dogo_gereji:
Mkuu lita 100 moja inatoa shaba kiasi gani au ni habari ya gramu tu

mwana_wa_njumu:
@dogo_gereji inategemea umeichosha vipi asidi. Yangu ilipopimwa ilikuwa na gramu 20 hivi kwa lita, sasa mara 100 hiyo kilo mbili. Mie sikutoa kilo mbili, nilitoa kilo moja na robo mara ya kwanza, nyingine niliipoteza kwenye kumimina na nyingine iliota kutu kabla sijaiyeyusha, ule unga mbichi ukiuacha na hewa unakuwa mweusi upesi. Lakini acha habari ya kilo, chukua hesabu hii. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba kwenye maji ya kunywa miligramu 2 kwa lita. Gramu 20 ni miligramu 20,000. Kwa hiyo lita MOJA ya ndoo yangu inatosha kufikisha lita 10,000 za maji safi kwenye kikomo. Lita moja. Na mie nilikuwa namwaga ndoo nzima kila baada ya miezi miwili.

mkaazi_wa_chake:
Ndugu yangu unajitesa bure. Ardhi yetu yote mawe ya matumbawe, ni chokaa tupu chini kwa chini, asidi ikifika inajiua yenyewe. Hapo zamani watu walimwaga na hakuna aliyekufa.

mtoto_wa_kwahani:
+1, nami nilidhani hivo hivo

Maalim_Kemia:
Nimesomesha kemia sekondari miaka mingi, naombeni niingie hapo kwa @mkaazi_wa_chake kwa sababu hoja yake ina nusu ya kweli na ile nusu nyingine ndiyo yenye hatari.

Kweli jiwe letu ni kalisi kaboneti na linapigana na asidi. Fanya jaribio hili nyumbani: chukua kipande cha jiwe la tumbawe, kitie kwenye asidi ya salfyuriki iliyopunguzwa. Kitatoa povu kwa nguvu, kisha povu litapungua, kisha litasita, na asidi bado ipo. Kitoe ukikwaruze, utakuta kimevaa ngozi nyeupe. Hiyo ni jasi, inazaliwa pale asidi inapokutana na chokaa na inalifunika jiwe lisiguswe tena. Ndiyo maana jiwe zima halitibu asidi hii, unga wa jiwe ndio unaotibu.

La pili, jiwe letu si kama kichanga kinachochuja. Lina mianya na mapango, mvua ya masika ikishuka inapita kwenye nyufa siku hiyo hiyo iko chini. Na maji yetu matamu ya kisiwa yamelala juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya supu, hatuna mto mkubwa wa kuyabadilisha. Kitakachoingia kinakaa.

La tatu ni hili la pH, maana mawe hata yakifanya kazi yote hayakufikishi panapotakiwa. Kila metali ina mahala pake pa kuacha maji. Chuma kilichokwisha kula hewa, kile cha rangi ya kutu, kinatoka mapema, pH 3 hadi 4 kimeshaanza kuanguka. Shaba inaanza 5 au 6 na inakamilika 8 mpaka 9. Zinki inataka 9 kwenda 10. Jiwe la kaboneti litakuachia kwenye 6 na kitu, hapo zinki yote bado inaogelea na shaba nyingine bado imo. Chokaa iliyozimwa peke yake inaweza kufika 12 na zaidi.

mkaazi_wa_chake:
Maalim nimekufahamu. Hilo la ngozi nyeupe sikulijua, ntalijaribu.

bi_mwani:
Mie si fundi, mie mkulima wa mwani huku mashariki, nimeingia kwa kuwa nimeona neno shaba. Ile rangi nyekundu wanayopaka chini ya boti ili magugu na chaza wasishike, muulizeni muuza rangi ndani mna nini. Mna shaba. Shaba ndiyo dawa ya kuua mimea ya majini, na sisi tunalima mmea wa majini. Sasa mnapomwaga kwenye mtaro mkasema itakwenda baharini itapotea, bahari ndiyo shamba letu wanangu. Mwani ukipata ugonjwa tunaambiwa maji yamepata joto, na kweli yamepata joto, lakini tusiongezewe na hili. Mwana wa njumu, Mungu akuzidishie.

mwana_wa_njumu:
Amin Bi. Hilo la rangi ya boti nalijua na sikuwahi kuliunganisha na ndoo yangu, shukran sana.

fundi_kostiki:
Chokaa inazaa tope jingi sana watu wangu, mie kazi niliyokuwa bara tulitumia kostiki soda, inayeyuka yote, unatia kidogo maji yanapanda pH upesi, tope lake robo ya lile la chokaa. Kwa nini mnajipa kazi

mwana_wa_njumu:
@fundi_kostiki nimeijaribu na ndo makosa yangu ya kwanza niliyotaka kuyasema. Ilikuwa ndoo ya lita 10, nikaona kostiki inakwenda vizuri, tope linatokea, nikasema ngoja niongeze ili nisibakishe kitu. Nikaongeza mpaka karatasi ikawa rangi ya mwisho kabisa, 13 au 14. Nikaacha usiku. Asubuhi juu maji meupe pee, nikafurahi nikayachuja na kitambaa cha marekani. Nikawaza haya maji makali sana siwezi kumwaga hivi, nikatia tone tone za asidi niyateremshe. Yalipofika kama 10 hivi maji meupe yakaanza kupata ukungu, kisha mawingu meupe, kisha yakatuama mashapo meupe kidole kizima. Nikashtuka, nimekwisha kuchuja, haya yametoka wapi?

Maalim_Kemia:
Zinki.

mwana_wa_njumu:
Ndiyo Maalim zinki. Endelea uwaeleze maana mie nilielezwa nusu.

Maalim_Kemia:
Zinki inakubali pande mbili. Kwenye asidi inayeyuka, ukipandisha pH inaanguka, lakini ukizidisha kupita 11 inageuka inayeyuka upya upande wa pili. Aluminiamu nayo vivyo hivyo, na kromu kwa kiasi. Macho yanaona maji meupe yanadhani kazi imekwisha kumbe metali imo yote. Kwa hiyo anayesema "tia mpaka mwisho nisibakishe kitu" ndiye anayebakisha. Kwa shaba njano simama 9, 9 na nusu basi. Hata chokaa inaweza kukupitisha ukiimwaga kwa ndoo, ila inayeyuka pole pole inakupa nafasi ya kujirudi.

Na fundi_kostiki hajakosea, tope la chokaa ni jingi kweli. Hesabu yake: kilo moja ya asidi ya salfyuriki inakula robo tatu ya kilo ya chokaa safi na inazaa karibu kilo moja na robo tatu ya jasi ikikauka. Kostiki haizai jasi. Lakini tope la kostiki ni utelezi kama ute wa bamia, halitui upesi na halichujiki, la chokaa lina chembe za jasi ndani zinalipa uzito. Na chokaa ipo hapa hapa kisiwani. Kwa karakana ya mtu mmoja mie nasema chokaa.

fundi_kostiki:
Sawa Maalim, la ute ni kweli kabisa tulikuwa na mashine ya kuchujia ya presha, kwa kitambaa cha mkono haliendi

mwana_wa_njumu:
La pili ndo hili la mkono. Siku nyingine nilikuwa na haraka nikachukua chokaa kavu kikombe kizima nikaitupa kwenye pipa lenye asidi bado kali. Ilichemka papo hapo, ikaruka, ikanishika kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Nilivaa miwani alhamdulillah, ningekuwa sina jicho lisingekuwepo. Nilitia mkono kwenye maji ya kutiririka dakika ishirini hivi ndo nikaenda hospitali, na daktari kaniambia yale maji ndo yamenisaidia. Kwa hiyo chokaa iwe tui, iende kwa kikombe kidogo, koroga, subiri, pima. Glavu za mpira ndefu, miwani, na ndoo ya maji safi pembeni KABLA hujaanza.

dogo_gereji:
Na maji ya betri je? Sisi gereji kuna jamaa anavunja betri za gari anatoa risasi anauza, maji anamwaga hapo hapo kwenye mchanga. Anaweza kutumia chokaa hivi hivi?

Maalim_Kemia:
Mdogo wangu hapo sikilizeni vizuri. Maji yenyewe ya betri chokaa itayatuliza, asidi ni ile ile ya salfyuriki, na risasi iliyoyeyuka ndani yake si nyingi kwa kuwa risasi na salfeti zikikutana zinaanguka zenyewe. Hatari ipo kwenye lile tope la kijivu chini ya betri na vumbi lake likikauka. Kikomo cha risasi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, mara mia mbili chini ya shaba, na inaingia kwenye ubongo wa mtoto haitoki kirahisi. Mtoto anachezea mchanga ule anatia mkono mdomoni. Asivunje. Betri nzima ina wanunuzi, aiuze nzima na maji yake ndani. Na mchanga ule aukusanye usichezewe.

dogo_gereji:
Duh. Watoto wanapita pale kwenda chuoni kila siku. Kesho naongea nae, inshallah atanisikia, ni mtu mzima kwangu.

bi_mwani:
Nenda na mzee wa mtaa mwanangu, usende peke yako.

sonara_wa_mjini:
Salaam. Mie sonara, kwetu hii kazi ipo siku zote ila tunaifanya kwa ajili ya fedha na dhahabu, shaba tunaimwaga, na nikisoma hapa naona aibu kidogo. Nieleze tunavyofanya labda itawafaa.

Vumbi la kufaili na vipande vya fedha tunavitia kwenye asidi ya nitriki, nje penye upepo kwa sababu inatoa moshi wa rangi ya udongo mwekundu unaokata kifua. Fedha inayeyuka na shaba iliyochanganywa nayo inayeyuka, maji yanakuwa ya kijani buluu. Hapo tunatumbukiza ukanda wa shaba nyekundu safi. Fedha inaanza kuota kwenye ukanda kama ukoga wa kijivu unaong'aa, manyoya manyoya, ukiutikisa unaanguka chini. Gramu moja ya shaba inatoa gramu tatu na nusu kasoro za fedha. Njia nyingine unatia chumvi ya jikoni, fedha inaanguka nyeupe kama maziwa yaliyokatika, lakini ile ukiiacha juani inageuka zambarau nyeusi na kuirudisha kuwa fedha ni kazi nyingine, mie napenda ukanda.

Baada ya hapo yale maji ya buluu tulikuwa tunamwaga. Sasa nimeelewa, shaba imetoa fedha, chuma kitatoa shaba, na chokaa itatoa chuma. Si ndiyo?

mwana_wa_njumu:
Dada yangu umeisema vizuri kuliko mie nilivyoisema uzi mzima. Ndiyo hivyo hivyo.

Maalim_Kemia:
Ndiyo, na wala si jambo jipya. Wachina walikuwa wakiiotesha shaba kwenye vyuma kutoka maji ya buluu ya milimani tangu karne ya 11. Wales, kwenye kisiwa cha Anglesey, mgodi wa Parys Mountain walichimba vidimbwi wakavijaza vyuma chakavu miaka ya 1700 na 1800. Marekani, pale Butte, Montana, walitoa shaba kwa chuma chakavu kutoka maji ya shimo la mgodi la Berkeley Pit, na maji ya mgodi ya pale yanatibiwa kwa chokaa kwenye mtambo ulioanza 2003. Kanuni ni hiyo hiyo ya pipa la lita 100.

Kwa sonara nina maonyo mawili. Asidi ya nitriki ikiwa bado ina nguvu usitie chuma, itatoa ule moshi kwa wingi sana. Ichoshe kwanza kwa shaba, kisha iteremshe kwa unga wa mawe, ndipo chuma. La pili nalisema kwa herufi kubwa: KAMA UNACHOVYA DHAHABU KWA MAJI YA SIANAIDI, HAYO YASIKUTANE NA ASIDI YOYOTE, WALA KWENYE NDOO MOJA, WALA KWENYE MTARO MMOJA. Gesi inayotoka inaua ndani ya dakika chache.

sonara_wa_mjini:
Tunajua Maalim, yale yana kabati lake na ufunguo ninao mie peke yangu. Ahsante kwa kuwaambia na wengine.

rim_na_kromu:
Wadau sie tunachovya kromu, maji yetu yanakuwa ya rangi ya machungwa. Nimetia chokaa mpaka 9, tope limetoka kidogo lakini maji bado manjano kabisa. Tatizo nini

Maalim_Kemia:
Ile manjano ni kromu ya sita, na kromu ya sita haianguki kwa chokaa hata uweke gunia, na ni sumu ya saratani. Lazima ishushwe kwanza iwe kromu ya tatu. Unarudi kwenye asidi, pH 2 hadi 3, unatia sodiamu metabaisalfaiti kidogo kidogo mpaka manjano yote yageuke kijani, penye hewa kwa sababu inatoa gesi ya kukaba. Ikishakuwa kijani safi ndipo unapandisha kwa chokaa mpaka 8 hivi, inaanguka tope la kijani. Ila wewe kwa ukweli usijifunze hii kwenye simu, peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali wakupimie, na ofisi ya mazingira wajue ulipo.

rim_na_kromu:
Nimeelewa. Pipa nimelifunika silimwagi mpaka nipate jibu.

mtoto_wa_kwahani:
Swali dogo, karatasi za pH sina, maji ya choya yanaweza? Nimesikia yanabadilika rangi

Maalim_Kemia:
Yanabadilika kweli, kwenye asidi mekundu, kwenye magadi yanakwenda kijani. Yanakwambia uko upande gani ila hayakwambii kama uko 8 au 11, na kazi yote ya zinki ipo hapo katikati. Nunua karatasi mwanangu, maduka ya vifaa vya maabara wanazo. Na mkiniruhusu niongeze, mtu asitie amonia kwenye pipa akidhani nayo ni ya kupandisha pH. Shaba na amonia zinashikana, maji yanakuwa buluu nzito ya kupendeza na shaba haishuki tena. Ila hiyo hiyo inafaa kwa kipimo: chukua kikombe cha maji yaliyokwisha kutibiwa, tia matone ya amonia, ukiona ubuluu shaba imebaki.

Mwana wa njumu, kuna jambo moja nakushauri kwenye kazi yako. Unasema chuma kinaliwa sana. Kabla ya chuma, tia unga wa mawe, ule wa kwenye mashine za matofali, mpaka ufike pH 2 hivi. Utatoa povu, uwe na pipa lisilojaa. Kwenye 2 shaba haitoki, inabaki majini, ila asidi ya ziada imekwisha. Jasi itatuama, mimina maji juu yake, ndipo utie chuma.

mwana_wa_njumu:
Maalim sikulifikiria hilo kabisa. Unga ule wanautupa bure. Nitafanya pipa lijalo nije niwape jibu.

mwana_wa_njumu:
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita, samahani kulikuwa na oda ya mlango.

Nimefanya kama alivyosema Maalim. Pipa nusu tu, lita 50, unga wa mawe kwa kikombe. Povu lilipanda mpaka karibu na mdomo nikangoja lishuke, ilinichukua asubuhi nzima. Jasi imetuama, nikaisuuza mara mbili kwa maji kidogo na maji ya kusuuza nikayarudisha pipani kwa kuwa yalikuwa na ubuluu. Kisha chuma. Safari hii mapovu machache sana, na nilipima chuma kabla na baada: mara ya kwanza nilimaliza kilo tatu na nusu kwa kilo moja na robo ya shaba, sasa kwa lita 50 nimekula kilo moja na gramu mia moja nikapata gramu 850 za shaba baada ya kuyeyusha. Unga nimeusuuza upesi na kuukausha karibu na jiko siku hiyo hiyo haukupata kuwa mweusi.

Halafu chokaa. Tope lilianza kijani chafu, na pale lilipoguswa na hewa likageuka rangi ya kutu kwa juu, ukilikoroga kijani tena, ukiacha kutu tena. Nikalipigia hewa kwa pampu ya samaki usiku kucha likawa hudhurungi lote, likatuama vizuri. Nikasimama 9 na nusu. Maji ya juu nimeyatia msumari usiku mzima haukuona wekundu, nimetia amonia hayakuona ubuluu. Chupa moja nimeipeleka kupimwa kwa sababu msumari hauoni miligramu, maji yenyewe sijayamwaga, nimeyatumia kuzimulia chokaa ya pipa linalofuata.

bi_mwani:
Mashallah mwanangu. Na tope?

mwana_wa_njumu:
Tope limekauka kwenye kitambaa, magunia mawili kasoro, nimeyatia ndani ya mifuko ya plastiki na nimeyapandisha kwenye vibao chini ya bati yasipate mvua. Maalim kaniambia faragha yasikae karibu na ndoo ya asidi hata kidogo, yakirowa asidi kila kitu kinarudi majini. Jumatatu nakwenda ofisi ya mazingira niwaulize yanapelekwa wapi, nikipata jibu nalileta hapa. Shimo la nyuma tumelijaza kifusi, mzee mwenyewe ndo kamwaga karai la kwanza.

sonara_wa_mjini:
Ukienda Jumatatu nipitie dukani tuongozane, na mie nna ndoo mbili.